Singo ya kwanza ya bendi imebuma au imebamba? Inategemea unamuuliza nani

Kuna machalii wa hapa Arusha, bendi ya watu wanne, magitaa mawili, bezi na dramu, wanapiga rock na wanaimba Kiswahili, wametoa singo yao ya kwanza na tangu siku hiyo kwenye magrupu ya WhatsApp ni ubishi tu. Upande mmoja unasema ngoma imebuma, redio haipigi, YouTube waliotazama ni ndugu na majirani, strimu hazijafika hata elfu moja. Upande wa pili unasema mbona juzi wamepiga laivu watu wakasimama juu ya viti, wakaambiwa warudie, sasa hiyo kubuma ni ya wapi? Siwataji jina kwa sababu hawajaniomba niwaandikie, na isitoshe shida yangu sio wao, shida yangu ni ule ubishi, maana pande zote mbili ziko sahihi na ndo maana hauishi.

Mapokezi ya wimbo wa kwanza sio kitu kimoja. Kuna anayehesabu mauzo, kuna mtangazaji anayeamua apige au asipige, kuna wachambuzi, kuna watu waliosimama mbele ya jukwaa, na siku hizi kuna mashine za Spotify na programu nyingine za kusikiliza muziki mtandaoni zinazoamua nani asikilizishwe nini. Hawa hawaongei wao kwa wao. Na kwa bendi ambayo haina lebo kubwa nyuma yake, wiki za mwanzo zinapima zaidi ile njia wimbo uliopitia kumfikia mtu kuliko wimbo wenyewe, yani unaweza ukawa na ngoma kali kinoma na namba za aibu kwa wakati mmoja. Nitatumia sana mifano ya Uingereza hapa, sio kwa kuwasujudia, ila kule wametunza kumbukumbu za hizi namba tangu kitambo na bendi nyingi za rock za kule zilishazoea kutoa rekodi zenyewe bila kampuni kubwa.

Mwisho wa 1976 bendi ya Manchester inaitwa Buzzcocks iliingia studio siku moja ikarekodi nyimbo nne, hela walikopa, pauni 500 hivi, kwa ndugu na marafiki, na Januari 1977 wakatoa nakala 1,000 za rekodi yao, Spiral Scratch, kwa lebo waliyoianzisha wenyewe. Zikaisha. Wakachapa tena na tena mpaka zikafika kama 16,000. Kipindi hicho watu waliamini bila kampuni kubwa hutoi rekodi, kumbe unatoa vizuri tu, ila ukishaitoa unakutana na swali ambalo ndo gumu zaidi: dukani itafikaje? Ndo watu kama Rough Trade, duka na lebo ya rekodi ya London, wakajenga mtandao wao wa kusambaza, na Januari 1980 ikaanza chati maalumu ya indie, yani ya rekodi huru. Sharti la kuingia kwenye ile chati halikuhusu mdundo wala gitaa linalia vipi, lilihusu gari lililobeba mzigo, kwamba rekodi imesambazwa nje ya mfumo wa makampuni makubwa au la. Ungeweza kupiga hata taarabu ukaingia.

Sasa angalia hii. Mei 1983 The Smiths, vijana wa Manchester pia, wakatoa singo yao ya kwanza, Hand in Glove, chini ya Rough Trade. Kurekodi kuligharimu kama pauni 250. Kwenye chati ya taifa haikuingia hata 75 bora. Kwenye chati ya indie ikafika namba 3 na ikakaa muda mrefu. Wimbo ni ule ule, santuri ni ile ile, ila chati ya taifa ilikuwa inakusanya mauzo kwenye sampuli ya maduka na ile nyingine inaangalia kule ambako mashabiki wao walikuwa wananunua kweli. Umebuma au umebamba? Na ukitaka kuchanganyikiwa zaidi, mwaka uliofuata mwanamama Sandie Shaw, nyota wa miaka ya 60, akauimba wimbo huo huo na wapigaji wa The Smiths wakiwa nyuma yake, ukafika namba 27 kwenye chati ya taifa. Maneno yale yale. Kilichobadilika ni nani kaubeba.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Creep ya Radiohead, bendi ya rock ya Uingereza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanaujua kama wimbo mkubwa na hawajui ulivyoanza. Jamaa walikuwa studio na prodyuza wawili Wamarekani, Sean Slade na Paul Kolderie, wakihangaika na nyimbo nyingine kabisa. Kwenye mazoezi wakapiga huu, prodyuza wakadhani ni wimbo wa mtu mwingine wameukopi, walipojua ni wa kwao wakawaambia upigeni tena, ukarekodiwa karibu kwa mpigo mmoja. Ile sauti ya gitaa inayopasuka kabla ya kiitikio, ile "krrrak" inayoshtua, ni Jonny Greenwood alikuwa anaona wimbo umepoa sana akawa analipiga gitaa kwa hasira. Ikabaki.

Ukatoka Septemba 1992. Uingereza ukaishia namba 78, nakala kama 6,000. Redio 1 ya BBC ikaona unahuzunisha mno, haukupata nafasi. Ukisimamisha hadithi hapo, singo imekufa, na ndo ambacho wengi walisema. Ila kuna mtangazaji mmoja wa Israel, Yoav Kutner, akaukamata akawa anaupiga mara kwa mara mpaka ukawa mkubwa kule, alafu redio moja ya San Francisco nayo ikaanza, ikasambaa Marekani mpaka ukafika namba 34 kwenye chati ya Billboard. Kwa ajili ya redio za Marekani walitengeneza toleo lenye tusi limeondolewa, neno likabadilishwa, maana bila hivyo mtangazaji hata akiupenda vipi anafungwa mikono. Mwaka 1993 lebo ikautoa upya Uingereza, nchi ile ile iliyoukataa, ukapanda mpaka namba 7. Karibu mwaka mzima katikati. Hakuna hata noti moja iliyobadilishwa kwenye ule muziki.

Naomba niseme kitu ambacho mashabiki wa Radiohead watanimind: nadhani leo ule wimbo ungepata shida zaidi kuliko 1992. Ile gitaa ya kupasuka inakuja karibu dakika ya kwanza iishe. Spotify wanahesabu strimu mtu akisikiliza sekunde 30. Sekunde 30 za mwanzo za Creep ni gitaa la taratibu na mtu anaimba kwa unyonge, hamna dalili yoyote ya kinachokuja. Mtu aliyeko kwenye kifodi anatoka Sakina kwenda mjini, bando linakata, kidole kiko tayari kuruka wimbo, atasubiri? Kwenye rock nyimbo nyingi zimejengwa hivyo, zinapanda taratibu alafu zinalipuka, na ule mlipuko ndo bidhaa yenyewe. Machalii wetu nao wimbo wao umejengwa hivyo hivyo.

Wanaobisha grupu huwa wananirushia mfano wa Arctic Monkeys, kwamba wale singo yao ya kwanza chini ya lebo ya Domino, Oktoba 2005, iliingia moja kwa moja namba moja Uingereza, kwa hiyo wimbo ukiwa mkali unajiuza wenyewe. Hapana bana. Wale vijana wa Sheffield walianza bendi 2002 na kabla ya hiyo singo walikuwa wanagawa CD za demo bure kwenye shoo zao, chache, hazitoshi, kwa hiyo waliozipata wakawa wanazirusha mtandaoni kwa wenzao, na ukurasa wao wa MySpace, mtandao wa kijamii wa enzi hizo, ulifunguliwa na mashabiki, wenyewe walisema hawakuufungua wao. Yani siku singo inafika dukani, watu walikuwa wanaimba maneno yote tayari. Namba moja ile haikuwa mwanzo wa mapokezi, ilikuwa risiti ya mapokezi yaliyotokea miaka miwili nyuma yake. Januari 2006 albamu ikauza nakala zaidi ya 363,000 wiki ya kwanza na magazeti yakasema wametokea ghafla. Ghafla kwa nani?

Turudi nyumbani. Hii ishu ya njia ya kusambaza kuwa na nguvu kuliko wimbo, Arusha tunaijua vizuri sana ila tunasahau. Mwaka 1970 ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walikuja hapa wakaanzisha Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakaondoka kwenda Mombasa, na huko ndo wakawa Simba Wanyika, ambao hata mtoto wa leo akisikia lile gitaa anatikisa kichwa. Wakati huo Tanzania bendi zilikuwa zinarekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, unasikika hewani nchi nzima lakini santuri ya kuuza hamna, kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho, kilichokuwepo karibu ni Nairobi. Bendi ikitaka rekodi yake iwe kitu mtu anachoweza kununua, ilibidi ivuke mpaka. Njoo miaka ya karibuni, X Plastaz, hip hop ya Arusha yenye sauti za Kimasai, albamu yao ya Maasai Hip Hop ya 2004 ilitoka kupitia lebo ya Ujerumani, Out Here Records, na wakazunguka Ulaya wakipiga shoo. Mjini hapa walikuwa wanaheshimiwa, hilo halina ubishi, ila soko lililoweza kuwanunulia CD na kuwalipa shoo kubwa lilikuwa kwingine.

Kwa hiyo ukija kwenye singo ya machalii, lazima uende mlango kwa mlango.

Redio kwanza. Watu wanasema redio inawabania. Mi nadhani mara nyingi hakuna hata anayebana. Ratiba ya redio nyingi imekatwa kwa aina ya muziki, kuna saa ya Bongo Fleva, kuna gospo, kuna zilipendwa, singeli, reggae Jumapili, na mtangazaji anapokea rundo la nyimbo kila wiki kwenye simu yake. Ngoma ya magitaa yanayokoroma inaingia saa ngapi? Hata anayeipenda hana pa kuiweka bila kuonekana ameharibu kipindi. Ndo maana kwenye hadithi ya Creep nimemtaja mtangazaji mmoja kwa jina, kwa sababu kwa muziki wa namna hii haihitajiki redio nzima, anahitajika mtu mmoja mwenye kipindi chake na kichwa kigumu. Na huyo akianza kupiga, hapo ndo mambo ya Cosota, ofisi ya hakimiliki, yanaanza kuwa na maana, maana wimbo ukipigwa hewani mwenye wimbo anastahili mirabaha. Kisheria hakimiliki unayo toka siku umeutengeneza wimbo, hata kama hujausajili popote, ila kama haujasajiliwa kukupata na kukulipa ndo kasheshe.

Alafu mashine. Hapa ndo wengi wanapotea. Spotify wameingia Tanzania 2021, na bendi nyingi bado zinadhani kazi ni moja tu, kukusanya strimu nyingi iwezekanavyo wiki ya kwanza. Kwa hiyo siku ya kutoa, Ijumaa kama dunia nzima inavyofanya tangu 2015, link ikarushwa kwenye magrupu yote, la familia, la kwaya, la darasa la O-level, la wadau wa Yanga, na amri ikatoka kila mtu asikilize. Watu wakasikiliza kwa upendo. Na hapo ndo walipojiumiza.

Mashine ya kupendekeza nyimbo haijui rock ni nini. Inafanya kazi kama muuza mitumba wa Memorial pale Moshi, anakuangalia wewe na wanunuzi wanaofanana na wewe mnashika nini, alafu anakuitia vinavyoendana. Wimbo mpya wa bendi mpya hauna historia, kwa hiyo wale wasikilizaji wa mwanzo ndo wanaoufundisha ule mfumo wimbo huu ni wa watu gani. Sasa kama wa kwanza wote ni mama mdogo anayesikiliza kwaya, binamu wa singeli na washkaji wa Bongo Fleva, mfumo unachukua ngoma ya rock unakwenda kuijaribu kwa watu wa kwaya na singeli, wanairuka kabla hata ya sekunde 30, na mfumo unajifunza kwamba huu wimbo watu hawautaki, unaacha kuupeleka. Hakuna aliyekuchukia. Umepelekwa mlango sio.

Na wale waliosema basi tuache simu usiku kucha zinajirudia zenyewe, acheni. Strimu za kutengeneza zinafutwa, na tangu 2024 Spotify wanamtoza msambazaji, yani kampuni iliyoupeleka wimbo kwao, faini kwa kila wimbo uliokutwa na strimu za namna hiyo kwa wingi, na msambazaji anakuletea wewe au anaushusha wimbo kabisa. Mwaka huo huo wakaleta na sharti la kwamba wimbo usipofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 rekodi yake haiingizi senti. Kwa hiyo ile elfu moja inayotajwa kwenye grupu ni mstari wa kuanza kulipwa, na hauna siri nyingine yoyote, haupimi kama wimbo ni mzuri. Ukiuvuka wenyewe usitegemee mabati ya nyumba. Hamna bei maalumu ya strimu moja, hela za soko zinawekwa chungu kimoja zinagawanywa kwa asilimia ya kusikilizwa, na soko lenye watu wanaolipia bei kubwa kwa mwezi linatoa zaidi kuliko soko ambalo wengi wanatumia ya bure yenye matangazo.

Hapo ndo inakuja ile shoo ya watu kusimama juu ya viti. Ilikuwa sehemu ambayo watalii na mavolontia wanajaa, wengine wametoka mlimani, wengine wanasubiri kwenda Serengeti. Wabishi wa grupu wanasema hao hawahesabiki, ni wazungu, kesho wanapanda ndege pale KIA wanaondoka na mapenzi yao. Mi naona wamekosea kabisa. Yule Mjerumani wa kwenye kiti, kama kweli nyumbani kwake anasikiliza bendi za magitaa, akiuhifadhi wimbo wenu yeye mmoja anaufundisha mfumo kitu sahihi kuliko grupu zima la familia, na anasikilizia kwenye soko linalolipa vizuri zaidi. Kosa ni kwamba hakukuwa na kikaratasi, hakukuwa na QR code ya kuskani kwa simu, hata jina la bendi halikuandikwa popote ukutani, watu wamepagawa wanaulizana hawa ni akina nani na jibu hamna. Arctic Monkeys waligawa CD. Hapa hata jina hatukugawa.

Kuna kitu kingine kinafanya laivu na rekodi zitofautiane, na hiki hakisemwi kwa sababu kinamuumiza prodyuza. Dramu za ukweli mji huu zipo nyingi tu, ila ziko makanisani, na mpiga dramu wa hii bendi naye amelelewa huko huko, Jumapili ana ibada mbili. Studio zetu nyingi zimejengwa kwa ajili ya biti, kompyuta, kinanda na maiki moja nzuri ya sauti. Kurekodi dramu kamili unahitaji maiki kwenye ngoma ya mguu, kwenye snea (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali), kwenye tom kila moja, na mbili juu kwa ajili ya matoazi, na chumba ambacho hakirudishi mwangwi kama bafu. Hawana. Kwa hiyo dramu za kwenye singo zimetengenezwa kwenye kompyuta, snea inagonga kwa nguvu ile ile kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kiitikio kinapofika magitaa yanalipuka ila dramu ziko pale pale zimetulia kama mlinzi wa benki. Ukiwaona laivu, jamaa anapiga ile snea mpaka mabega yanapanda, ndo kinachowainua watu kwenye viti. Kwa hiyo wanaosema wimbo ni moto na wanaosema umepoa hawajasikia kitu kimoja, mmoja kasikia bendi, mwingine kasikia faili.

Ishu ya mgao wa mapato nitaipitia haraka, ila mkae muandike nani ana asilimia ngapi kabla ngoma haijaenda popote. The Smiths walifikishana mahakamani mwaka 1996, mpiga dramu akadai robo yake, na akashinda. Radiohead nao ilibidi wawaandike watunzi wawili wa wimbo wa zamani kwenye Creep kwa sababu ya kufanana, na sehemu ya mapato ikaenda kwao. Ngoma ikichelewa kulipuka, inalipuka wakati mmeshasahau mlikubaliana nini.

Sasa je, wafanye nini na singo ambayo imetoka tayari? Lebo ya Radiohead ilibidi ichape upya na kulipia upya 1993 ili Uingereza isikie mara ya pili. Siku hizi wimbo hautoki dukani, uko pale pale unasubiri, ila kuna mlango mmoja unafungwa: lile ombi la kuwapelekea wahariri wa Spotify wimbo waufikirie kwenye pleilisti zao linatumwa kabla ya wimbo kutoka, wanashauri angalau siku saba kabla, ukishatoka haulitumi tena. Machalii hawakulituma, hawakujua lipo. Ila toleo la laivu la wimbo huo huo linahesabika kama rekodi mpya, linapewa namba yake ya ISRC, yani namba ya utambulisho wa rekodi, na linafungua ombi jipya. Wakodi maiki hata kwa siku moja, wakaombe ukumbi wa kanisani siku ya Jumanne mchana wakati hamna ibada wala mazoezi ya kwaya, waanze na kiitikio badala ya ule utangulizi mrefu, na link wawatumie wale watu wa bendi za magitaa wanaowajua Moshi, Nairobi na popote walipo. Grupu la familia wapewe taarifa mwezi unaofuata.